Tulivyomtafuta Osoro, kutoka Mosocho hadi Birongo

Safari hii ilianzishwa na simu ya baba. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Nyamache kwenye shamba la majani chai na migomba alilorithi kwa babu Zakaria, na akipiga simu huanza na salamu ndefu za kuulizia hata paka. Siku hiyo hakumuulizia paka. Alisema, "Kwamboka, Jumapili tuna kikao hapa nyumbani. Ezra anataka tumalize maneno ya shamba."

Ezra ni ndugu yake mdogo, baba yetu mdogo, mtu mcheshi na mkarimu ambaye Mungu alimjalia wana wa kiume mfululizo. Baba yeye alijaliwa mabinti watatu: Nyaboke aliyeolewa Eldoret, mimi ninayeshona sare za shule Nakuru, na Kerubo kitindamimba. Kwa mawazo ya baba mdogo, boma la mzee asiye na mwana wa kiume litazimika, kwa hiyo heri achague mmoja wa vijana wa Ezra, amwachie shamba, mambo yaishe. Moyoni baba anataka kutugawia sisi. Anajua sheria inamruhusu, na gazeti lililoandika habari hiyo amelihifadhi chini ya godoro. Kinachomzuia ni Osoro.

Osoro ndiye baba wa babu Zakaria, na sisi sote ni wa Osoro. Cheti changu cha kuzaliwa kinaishia na Osoro, kitambulisho cha Kerubo vilevile, hata kibao cha duka langu kimeandikwa Osoro Sare. Baba alitulea kwa jina hilo. Ukianguka ukalia unaambiwa mtoto wa Osoro halii. Ukibakisha chakula unaambiwa mtoto wa Osoro habakishi. Na sasa kila akifikiria kutuandikisha ardhi, anarudi palepale: "Tangu Osoro nyumba hii imeshikwa na wanaume. Nitakuwaje mimi wa kwanza kukata huo mstari?"

Lakini muulize Osoro huyo alizaliwa wapi, akazikwa wapi, alikuwa mrefu au mfupi. Hajui. Babu Zakaria hakupenda kuulizwa. Alikuwa akisema tu kwamba walitoka upande wa Nyamira, kisha anaitisha chai.

"Nendeni mkamtafute," baba aliniambia. "Nataka nimjue huyo mzee kabla ya kikao. Kama kuna karatasi yake, leteni. Nikijua alikuwa mtu wa namna gani, nitajua angesema nini juu yenu."

Nilifurahi jamani. Nilimwachia fundi wangu cherehani, nikampigia Kerubo, na Kerubo naye akapiga kelele hadi nikasogeza simu mbali na sikio.

Alhamisi alfajiri, Nakuru. Kerubo alifika na kigari chake cheupe. Leseni ameipata juzijuzi, na huendesha akiwa ameinamia usukani kama mtu anayesoma Biblia bila miwani. Dua niliyoomba kabla ya kufika Kericho ilitosha kwa Kwaresima nzima. Kericho ilikuwa na mvua nyembamba, majani chai yameoshwa yakang'aa pande zote za barabara, na sisi tulikuwa ndani tunamtengeneza Osoro. Kerubo alisema lazima alikuwa mrefu mwenye mwanya. Nikamwambia alikuwa mfupi mnene, la sivyo mimi nimetoka wapi. Akasema alikuwa shujaa wa kurudisha ng'ombe walioibwa. Nikasema alikuwa mpiga obokano, lile zeze kubwa la Kisii, anaitwa kila harusi, haendi nyumbani. Tulipopita Sotik alishakuwa na wake kumi, na tulipoingia Keroka tulikuwa tumemwongezea farasi.

"Farasi wametoka wapi Kisii?" nikamuuliza.

"Si ni babu yangu? Wacha apande farasi," akasema, akasimamisha gari tununue ndizi.

Mchana, Kisii mjini. Tulianzia kwenye ofisi ya ardhi. Mama aliyetuhudumia alikuwa na sauti ya upole na kucha za zambarau. Nilimpa namba ya shamba la Nyamache na jina la mzee tunayemtafuta.

"Osoro nani?" akauliza.

"Osoro tu."

Alicheka vizuri sana. "Dada yangu, wakina Osoro wa hii Kisii ukiwapanga laini, watafika Keroka na wengine wabaki."

Hata hivyo alitutafutia. Rekodi zilionyesha kwamba shamba lile Zakaria alilinunua mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na kabla yake lilikuwa la watu wengine kabisa. Osoro hakuwahi kuwa na hata ngwe moja Nyamache. Mama wa kucha za zambarau alituonea huruma, akatushauri tuende alikobatizwa babu, maana makanisa ndiyo yaliyoandika watu kabla ya serikali kukumbuka kuwaandika.

Alasiri tulikuwa parokiani, karibu na Mosocho. Baba alitueleza kwamba Zakaria alibatizwa huko akiwa kijana anayesoma misheni. Karani wa parokia, Bwana Makori, ni mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na alitukaribisha katika chumba kinachonuka mishumaa. Alinawa mikono kabla ya kushika kitabu. Tukakaa kimya kama watoto wa komunyo ya kwanza, naye akishusha kidole mstari kwa mstari.

"Zakaria," akasoma. "Mwana wa Osoro na Moraa."

Kerubo aliruka akanikumbatia, kiti kikaanguka. Mimi machozi yalinitoka, sijui kwa nini, ni majina mawili tu kwa wino uliofifia. Bwana Makori alingoja tutulie, akasema taratibu, "Hapa ni parokia, dada zangu," lakini naye alikuwa akitabasamu. Pembeni mwa majina hayo kulikuwa na jina la kijiji kimoja cha Nyamira. Sitalitaja hapa, kwa kuwa wenyewe hawajanipa ruhusa.

Tukamwomba atutafutie Osoro mwenyewe. Akafungua kitabu cha ubatizo wa watu wazima, cha ndoa, cha mazishi. Osoro hakubatizwa, hakufunga ndoa, hakuzikwa. Tulimpata Moraa tu, mama yake Zakaria, aliyebatizwa miaka kadhaa baada ya mwanawe: "Moraa, mke wa Osoro." Wanawake wote wa ukurasa ule walikuwa wameandikiwa kama mume yu hai au ni marehemu. Kwa Moraa, karani wa zamani aliacha nafasi tupu.

"Labda wino uliisha," Kerubo akasema.

Bwana Makori aliinamia ukurasa. "Wa juu yake ameandikiwa, wa chini yake ameandikiwa. Huyu aliulizwa, na jibu alilotoa halikuandikika." Akafunga kitabu.

Usiku huo tulilala kwa rafiki yangu mjini Kisii, na sikulala vizuri. Kerubo alikuwa bado anacheka na farasi wake, lakini mimi nilianza kuogopa. Mtu ambaye mkewe hawezi kusema kama yu hai au amekufa ni mtu wa namna gani? Labda alitoroka. Labda alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu asirudi. Labda alikuwa mwizi, na ndiyo sababu babu alikuwa akiitisha chai. Mawazoni nilimwona baba amekaa mbele ya ndugu zake, mimi nikimsomea kwamba Osoro wake alikuwa mwizi wa mifugo. Nikajifunika blanketi.

Ijumaa asubuhi, Nyamira. Tulifika kijijini watu wakitoka kuchuma majani chai, na ilitosha kusema "tunatafuta kwa wakina Osoro" ili mtoto wa kwanza, wa pili na nusu ya kijiji watusindikize. Walitufikisha kwa Mzee Nyakundi, ambaye babu wa baba yake alikuwa ndugu wa tumbo moja na baba yake Osoro. Kwa ukoo ni baba kwetu. Alitushika mikono yote miwili, akatutazama nyuso, akamwita mkewe.

"Bwakire, wanangu," mama alitusalimu, akatuketisha, na kabla hatujasema lolote mbele yetu kulikuwa na chai ya maziwa na viazi vitamu vinavyotoa moshi. Kula kwao ni lazima. Kerubo alikula hadi akaomba kwenda kutembea.

Nikamweleza mzee tulichokuja kutafuta. Akainuka na fimbo yake, akatupeleka mteremkoni penye majani chai, hadi mahali palipokuwa na mawe ya msingi wa nyumba ya kale. "Hapa ndio kwenu," akasema.

Nikauliza kaburi la Osoro liko wapi. Jambo hili kila Mgusii analijua, lakini nalieleza kwa ajili ya wasomaji wangu wa Nakuru: mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mwanamke kushoto, ukihesabu kutoka mlangoni ukiwa unatazama nje. Mzee alituonyesha mlango ulipokuwa. Kerubo akasimama katikati ya mawe mawili, uso bondeni, akanyoosha mikono kama askari wa trafiki.

"Kulia kwangu kuna kabichi," akatangaza.

Kweli, kulikuwa na kabichi, na mbele ya kabichi nyasi tu. Kushoto kulikuwa na kaburi moja la kale lililozungushiwa mawe, limepaliliwa vizuri.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Bosibori. Mama yake Osoro. Baba yake Osoro yeye alizikwa kwa mke mkubwa, kule juu. Hii ilikuwa nyumba ndogo, ya Bosibori."

"Na Osoro mwenyewe?"

Mzee Nyakundi alitazama kabichi. Mkewe, aliyekuwa ametufuata, alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza kumtikisika. Nikashangaa mno. Mtu anaulizwa habari za marehemu, naye anacheka.

"Sikia, mwanangu," mzee akasema. "Hiyo ya Osoro, mimi si mtu wa kuwaambia. Sisi ni wa yule ndugu wa baba yake Osoro, na nyumba yetu haikuwatendea vizuri watu wenu. Nikisema mimi, itakuwa kama nawacheka. Nendeni Birongo, kwa watu wa ng'ombe. Muulizeni Yunuke."

"Watu wa ng'ombe gani?"

"Mkifika mtajua," akasema, na mkewe akatufungia viazi vya njiani.

Ijumaa alasiri, Birongo. Shangazi Yunuke tulimpata kwenye kituo cha majani chai, amepanga foleni na kikapu chake akingoja kupima. Ni mama wa miaka sabini na ushei, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, na macho ya mtu ambaye haachi utani umpite. Nilimsalimu, nikamtajia jina la baba na la babu Zakaria. Aliweka kikapu chini.

"Wa Moraa?" akauliza. "Nyinyi ni wa Moraa?"

"Ndio, mama."

Akageukia foleni nzima, akasema kwa Ekegusii kitu kilichofanya akina mama wote waangue kicheko, wengine wakaja kutugusa nywele. Kerubo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wamesema nini?" Yeye alikulia bweni, Ekegusii chake ni cha kuombea chumvi. Nikamwambia, "Amesema ng'ombe zao zimerudi."

Tulimsaidia kupima majani yake, tukambebea kikapu kitupu hadi nyumbani. Alikuwa anaharakisha kwa sababu ni Msabato, na jua likizama Ijumaa hakuna kupika wala kuchota maji. Akatugawia kazi palepale: Kerubo kuni, mimi kuchambua chinsaga, mboga ya mgagani. Nikamuuliza huku nikichambua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi.

"Shangazi, Osoro alifia wapi?"

"Osoro hakufa," akasema, akimimina maji kwenye sufuria.

"Alitoroka?"

"Atatorokaje? Osoro hakuzaliwa."

Kerubo aliangusha kuni. Shangazi Yunuke akakaa kwenye kigoda, akakunja leso mapajani, akatueleza. Nami nawaeleza kama alivyosema.

Bosibori alizaa mabinti watupu. Mumewe alipofariki, shemeji yake, ndugu wa mumewe, alikuja akamwambia nyumba isiyo na mwana imezimika, ajiandae kuhama, ile ardhi itakwenda kwa vijana wake. Bosibori hakubishana naye. Wakati huo binti yake Kemunto, bibi yake Shangazi Yunuke, ndio kwanza alikuwa ameolewa huku Birongo, na ng'ombe wa mahari wako zizini kwa mama. Bosibori akafanya lililoruhusiwa na mila yetu kwa mama aliyekosa mwana: aliwafungua ng'ombe wale wa Kemunto, akaenda nao kutafuta mke. Akamwoa msichana anayeitwa Moraa. Na alipoulizwa anamwolea nani, akasema anamwolea mwanawe, Osoro, yaani yule mwana ambaye angemzaa kama Mungu angempa.

"Shemeji akakuja mbio," Shangazi akasema. "Akauliza, huyo Osoro yuko wapi? Bosibori akamwambia, yuko njiani, akichelewa mke wake atashika boma."

"Na watoto wa Moraa?" nikauliza. "Zakaria?"

"Wa Osoro. Wote wa Osoro. Walitajwa jina lake mbele ya wazee, wakapata shamba, shemeji akabaki hivi." Akaonyesha mtu aliyeachama.

"Lakini baba yao wa kweli, yule wa..." Kerubo akaanza.

"Hiyo haiulizwi," Shangazi akamkata, kwa upole lakini moja kwa moja. "Kama mnataka kujua mmetoka wapi, mmetoka kwa ng'ombe wa bibi yangu. Kwa hivyo mimi nikiwaambia mnichambulie chinsaga, mnachambua."

Nilicheka hadi mbavu zikauma. Sikuweza kujizuia. Mtoto wa Osoro halii, mtoto wa Osoro habakishi, Osoro Sare, kitambulisho, leseni, na mwenyewe hakuwahi kukanyaga duniani. Kerubo alikuwa amelala kwenye nyasi anapiga teke hewani, akisema, "Farasi wangu, jameni, nani sasa atapanda farasi wangu?" Shangazi Yunuke alitutazama, akaanza na yeye, na watu wa jirani wakaja kuuliza kama kuna usalama.

Kisha nikamkumbuka baba, kicheko kikanikatika.

Jumamosi tulishinda Birongo, kwa sababu Shangazi alisema siku ya Sabato hakuna mgeni anayeondoka kwake. Mimi Mkatoliki nilikaa kanisani asubuhi yote na nusu ya mchana, nikatambulishwa mbele ya washiriki, wakatuimbia wimbo wa wageni. Baada ya chakula mimi na Kerubo tulitembea hadi mtoni kujadiliana. Kerubo alisema tumwambie baba tumekosa rekodi, basi. "Yule mzee anampenda Osoro kuliko sisi. Utamwambiaje hayuko? Na mbele ya Baba Ezra?"

Nikatoa simu. Naye baba alishatuma ujumbe akiuliza kama tumemwona. Nilimjibu kwamba tutazungumza tukifika.

Tuliporudi Shangazi alikuwa uani. Nikamwambia tunafikiria kunyamaza kwa ajili ya moyo wa baba. Alinitazama kana kwamba nimemwambia nitamwibia kuku.

"Bibi yangu alitoa mahari yake yote kwa hiyo nyumba," akasema. "Bosibori alichekwa soko nzima. Sasa nyinyi mnaona aibu ya nini? Mwambieni, ama nitapiga simu mimi, na mimi nikipiga simu huwa naongea sana."

Jumapili, Nyamache. Tulifika ibada imekwisha. Sebule ilikuwa imejaa: Baba Ezra kwa suti, vijana wake wamekaa ukutani kwa adabu, wazee wawili wa ukoo, na dada yetu Nyaboke aliyefika kutoka Eldoret, akisaidiana na mama kupakua wali. Nilimvuta baba pembeni, nikamwambia naomba tuzungumze wawili kwanza.

"Hapana," akasema. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Nilisema mbele ya watu kwamba ripoti inakuja. Isomwe mbele ya watu."

Basi nikasimama. Nikaanza na parokia, nikasoma mstari wa Zakaria, baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia Injili. Nikaingia Nyamira, kwenye mawe ya nyumba, kabichi upande wa kulia. Nikaona uso wake unaanza kubadilika, maana yeye si mtu wa kuelezwa mara mbili. Nikamaliza yote, ng'ombe wa Kemunto, Moraa, na mwana ambaye hakuzaliwa. Kisha nikakaa, nikatazama viatu vyangu.

 Kijana mmoja wa ukutani alikohoa.

"Kwa hivyo," Baba Ezra akasema hatimaye, na suti yake ilikuwa imemlegea mabegani, "sisi ni watoto wa hakuna mtu?"

 Baba alinigeukia mimi. "Huyo shemeji. Alimwambia Bosibori nini hasa?"

"Kwamba nyumba isiyo na mwana imezimika, baba. Shamba liende kwa vijana wake."

Baba mdogo alisikia maneno hayo yakipita sebuleni, akayatambua. Ni yake, karibu neno kwa neno. Alishusha macho, akaanza kukunja kitambaa cha meza.

Baba aliinama, mkono mdomoni. Nikajua nimemvunja. Nilitaka kwenda kumshika. Kisha nikaona tumbo lake linatikisika, na sauti ikatoka, ile ya zamani aliyokuwa akicheka tulipokuwa wadogo, hadi akavua miwani akaifuta kwa shati. Mzee mmoja wa ukoo akaanza naye, halafu wote, hata vijana wa ukutani, hata Baba Ezra mwenyewe akicheka na kusema, "Lakini huyo mama, lakini huyo mama."

Kicheko kilipotulia, baba alivaa miwani. Alizungumza kwa sauti ya darasani.

"Ezra, nimekuwa nikiogopa mtu. Kila nikitaka kuwaandikia hawa wasichana, namwona amesimama mlangoni ananikataza. Kumbe hakuna mtu mlangoni. Yule mama ilibidi atunge mwana ndiyo nyumba isimame, kwa sababu siku hizo mabinti wake hawakuhesabiwa. Mimi nitatunga wa nini, na wangu hawa hapa wanakula wali?"

"Mimi sijapinga," Baba Ezra akasema kwa sauti ndogo.

"Ulipinga."

"Nilipinga," akakubali. Akajipakulia wali, na baada ya vijiko viwili akauliza kama kijana wake wa pili anaweza kukodishiwa ile sehemu ya migomba, kwa ruhusa ya dada zake. Kerubo alimwambia atafikiria. Nilimfinya.

Jumatatu kabla ya kurudi Nakuru, baba alitutembeza shambani sisi watatu, akionyesha kwa mkono: hapa Nyaboke, hapa Kwamboka, kule chini mpaka mtoni Kerubo. Alitembea haraka kuliko sisi. Nilikuwa nimetoka Nakuru nikiamini natafuta mzee wa kutupa ruhusa, na nimerudi nikijua kwamba ruhusa yetu ilitolewa zamani na mjane mmoja wa Nyamira, na hakumuuliza mtu. Kwenye daftari la ukoo baba alinituma niandike jina la Bosibori juu kabisa, na chini yake Kemunto aliyetoa ng'ombe, na Moraa. Nikamuuliza kama nimfute Osoro.

"Mwache," akasema. "Kwa mtu ambaye hakuzaliwa, amefanya kazi kubwa sana."